Mlango wa Usenet Ulipofungwa

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze habari za mabaraza ya Usenet na jinsi kampuni za intaneti zilivyoyaacha. Wanafunzi walioko darasani leo pengine hawajapata kulisikia jina hilo. Wanafunzi wa zamani waliobahatika kusoma vyuo vikuu katika miaka ya 1990 huenda wanalikumbuka, na labda wengine wao walibishana humo usiku kucha na mtu wa ng'ambo ambaye hawakumwona uso hata siku moja.

Natoa kwanza mfano wa hapa kwetu. Kila mtu wa Koboko analijua soko la Ariwara, ng'ambo ya mpaka, upande wa Congo. Tuseme kuna gari moja linalopita Midia kila siku ya soko kuwachukua watu kwenda huko. Siku moja mwenye gari anatangaza kwamba tangu juma lijalo hatakwenda tena, maana mafuta ni ghali na abiria ni wachache. Watu watasema, "Basi, soko limekufa." La, soko halikufa. Wauzaji wapo, vitenge vipo, samaki wakavu wapo. Kilichokufa ni safari ya gari lile. Mwenye kuijua njia atapanda bodaboda, au atakwenda kwa baiskeli yake. Lakini yule ambaye hakupata kuijua njia yo yote isipokuwa gari lile, kwake soko limekufa kweli. Ndivyo ilivyokuwa kwa Usenet.

Mambo yalianza mwaka 1979. Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, katika jimbo la North Carolina, Marekani, walioitwa Tom Truscott na Jim Ellis, walifikiri njia ya kuzifanya kompyuta za vyuo mbalimbali zipelekeane habari. Mwenzao Steve Bellovin, wa chuo kikuu cha jirani huko Chapel Hill, akaandika programu ya kwanza, na mwaka 1980 wakaitangaza kazi yao kwa watu. Siku zile intaneti kama hii tuijuayo haikuwapo. Kompyuta moja ilipigia nyingine simu wakati wa usiku, gharama ya simu ikiwa ndogo, ikaipa barua zote mpya ilizokuwa nazo na kupokea zile ambazo haikuwa nazo. Kisha ile ya pili ikapigia ya tatu, na ya tatu ikapigia ya nne, mpaka barua iliyoandikwa Duke ikasomwa California, na baadaye Ulaya na Australia.

Barua hizo hazikuandikwa kwa mtu mmoja. Ziliandikwa kwa baraza. Kila baraza lilikuwa na jina lililoonyesha mambo yanayozungumzwa humo: yaliyoanza kwa sci yalikuwa ya sayansi, comp ya kompyuta, rec ya michezo na burudani, soc ya mambo ya jamii. Lilikuwapo soc.culture.african, ambamo Waafrika waliokuwa masomoni Ulaya na Marekani walikutana na kuzungumza habari za kwao. Mtu aliye peke yake katika baridi ya nchi ngeni, asiye na wa kusema naye lugha ya nyumbani, alifungua baraza hilo na kuwakuta wenzake. Tangu 1987 likawapo pia fungu la alt, ambamo mtu aliweza kuanzisha baraza bila ruhusa nyingi, na ndiyo maana humo mlikuwa na kila kitu, kizuri na kibaya.

Sasa naomba msomaji asimame kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha habari. Usenet haikuwa na mwenyewe. Hapakuwa na nyumba moja ambamo barua zote zilihifadhiwa. Kila chuo na kila kampuni iliyojiunga iliweka kompyuta yake, iitwayo seva, na seva hiyo ilikuwa na nakala yake ya barua. Ukisoma baraza ukiwa London ulisoma nakala iliyoko London. Ukisoma ukiwa Tokyo ulisoma iliyoko Tokyo. Seva moja ikiungua moto, barua zilikuwa bado zipo katika seva nyingine nyingi.

Kwamba palikuwa mahali pa maana, mambo mawili yatosha kuonyesha. Mwezi wa Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliandika katika baraza la comp.os.minix kwamba anatengeneza programu ya kuendesha kompyuta, kama mchezo tu wa kujifurahisha. Mchezo huo ndio Linux, ambayo imo ndani ya kila simu ya Android, pamoja na hiyo uliyoificha chini ya godoro bwenini. Mwezi ule ule Tim Berners-Lee alieleza katika baraza la alt.hypertext mpango wake wa kuunganisha kurasa za habari duniani, yaani ile "www" tunayoiandika leo.

Nasi Uganda hatukuwa mbali sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na kituo cha barua pepe kilichoitwa MUKLA, kilichotumia mtandao wa FidoNet. Mtandao huo, uliobuniwa na Mmarekani Tom Jennings mwaka 1984, ni kama binamu wa Usenet: kompyuta zilipigiana simu kwa zamu, zikabadilishana mizigo ya barua, zikakata simu. Barua ilingoja saa nyingi kabla ya kuondoka Kampala, na hata hivyo ililishinda basi la Arua. Mwaka 1995 ndipo jina la nchi yetu katika intaneti, .ug, lilipoandikishwa.

Intaneti ilipoanza kuuzwa kwa watu wote huko Marekani, kampuni zilizoiuza ziliwapa wateja vitu vitatu kwa malipo ya mwezi: njia ya kwenda kwenye kurasa, sanduku la barua pepe, na seva ya Usenet. Mteja hakulipa zaidi. Kwa hiyo wengi walidhani Usenet ni mali ya kampuni ile, kama yule abiria adhaniaye soko ni la mwenye gari.

Kwa nini basi kampuni ziliyaacha mabaraza? Sababu si moja. Usenet iliumbwa kwa maneno matupu, nayo maneno ni mzigo mwepesi. Lakini watu wakagundua namna ya kugeuza picha, nyimbo na filamu kuwa herufi, wakazikata vipande vipande na kuzituma katika mabaraza ya alt. Kufika mwaka 2008 mzigo wa siku moja ulikuwa terabaiti kadhaa. Kampuni ilipaswa kununua mashine za kuweka vitu hivyo vyote, na vingi vilikuwa vya wizi, ili watumie wateja wachache tu, kwa kuwa wengi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye kurasa za kupendeza macho. Tena tangu 1994 matangazo ya biashara yalianza kumwagwa ovyo katika mabaraza. Mwaka huo mawakili wawili wa Marekani walituma tangazo moja katika maelfu ya mabaraza kwa mara moja, na wasomaji wakakasirika kama mtu aliyekuta takataka mlangoni pake. AOL, iliyokuwa kampuni kubwa sana, iliacha kutoa mabaraza mwaka 2005.

Pigo kubwa lilikuja Juni 2008. Bwana Andrew Cuomo, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York, alitangaza kwamba wapelelezi wake wamekuta picha za watoto walionajisiwa katika mabaraza 88, akakubaliana na kampuni za Verizon, Sprint na Time Warner Cable kwamba zitachukua hatua. Hapana mtu mwenye utu atakayepinga kufungwa kwa mabaraza 88 ya namna hiyo. Lakini tazama yaliyotendeka. Sprint ilifunga fungu zima la alt, lenye mabaraza maelfu, pamoja na yale ya wagonjwa waliokuwa wakishauriana na ya watu wanaopenda kufuga ndege. Verizon ikabakiza yale mafungu makuu manane tu. Time Warner Cable ikafunga yote, hata ya hisabati. Kwa maoni yangu, uhalifu ule ulikuwa sababu ya haki, lakini vile vile uliwapa watu wa hesabu nafasi waliyokuwa wakiitafuta. Mwaka 2009 AT&T nayo ikaacha kabisa, na Verizon ikamaliza yaliyosalia. Mei 2010 Chuo Kikuu cha Duke, nyumba yalimozaliwa mabaraza, kikazima seva yake. Na Google, ambayo mwaka 2001 ilinunua hazina kubwa ya barua za zamani za Usenet na kuwawezesha watu kuandika kupitia ukurasa wake, iliacha kupokea barua mpya za Usenet tarehe 22 Februari 2024.

Je, watumiaji walifanya nini? Wengi walikata tamaa, wakaenda Facebook na kwingineko. Wachache wakauliza lile swali la soko: njia nyingine iko wapi? Nao wakaiona upesi, maana nakala za barua zilikuwa bado zimeenea duniani. Wengine walinunua huduma kwa kampuni zifanyazo kazi hiyo peke yake, kama Giganews, ambazo huuza kwa mwezi. Wengine walijiandikisha katika seva za bure zinazotunzwa na watu wa kujitolea. Inayojulikana sana ni Eternal September, ambayo hupokea barua za maneno tu, wala si picha na filamu, na kwa sababu hiyo gharama yake ni ndogo.

Mwanafunzi akitaka kujaribu katika chumba cha kompyuta, kazi yenyewe si ngumu. Anahitaji programu ya kusomea, kwa mfano Thunderbird, ambayo ni ya bure na hutumika pia kwa barua pepe. Anajiandikisha katika seva, anapewa jina na neno la siri, anaandika anwani ya seva katika programu pamoja na namba ya mlango: 119 kwa njia ya kawaida, au 563 kwa njia iliyofungwa kwa siri, na hii ya pili ndiyo bora. Kisha analeta orodha ya mabaraza na kuchagua. Asitarajie umati wa watu. Mabaraza mengi ni kimya kama uwanja wa mpira wakati wa likizo. Lakini machache yana watu wenye ujuzi mkubwa, na faida moja itampendeza kila anunuaye bando kwa fedha yake: barua mia tano za maneno matupu hazili data kama dakika chache za video.

Hayo ni ya Marekani. Yafuatayo ni ya kwetu, na wasomaji wote wakubwa waliyaona kwa macho.

Tarehe 1 Julai 2018 serikali yetu ilianza kutoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu atumiaye WhatsApp, Facebook, Twitter na mengineyo ya jinsi hiyo. Kampuni za simu ziliamriwa kumfungia mlango asiyelipa. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Katikati ya hapo kulikuwa na uchaguzi. Tarehe 12 Januari 2021, siku moja baada ya Facebook kutangaza kwamba imefunga akaunti zilizohusiana na wizara ya serikali, kampuni za simu ziliamriwa kufunga mitandao ya kijamii. Jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa, mpaka tarehe 18. Ilipowashwa, mitandao mingine ilifunguliwa baadaye, lakini Facebook ikabaki imefungwa.

Watu walikimbilia VPN. Wengi huitumia bila kujua ni nini, kwa hiyo nitaeleza. Tuseme karani wa posta amekatazwa kupeleka barua kwa Fulani. Wewe unaandika barua kwa Fulani, unaitia katika bahasha, kisha bahasha hiyo unaitia ndani ya bahasha ya pili yenye anwani ya rafiki yako Nairobi. Karani anaona jina la rafiki tu, anaipitisha. Rafiki anafungua bahasha ya nje na kuituma ile ya ndani kwa Fulani. Rafiki huyo ndiye VPN. Ni njia nzuri, lakini ina mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, rafiki anajua kila unayemwandikia. Na akiwa ni VPN ya bure usiyemjua mwenyewe, jiulize anakula nini. La pili, njia ya posta yenyewe ikikatwa, kama ilivyokuwa kati ya tarehe 13 na 18 Januari, bahasha mbili hazisaidii, wala kumi. Siku zile zilibaki simu za kawaida, SMS na redio.

Sasa ziweke habari hizi mbili pamoja. Yule mtu wa New York aliyefungiwa Usenet mwaka 2008 aliweza kujiunga na seva nyingine jioni ile ile, akakuta baraza lile lile, watu wale wale, na barua ya jana. Mtu wa Koboko aliyefungiwa Facebook mwaka 2021 hakuwa na Facebook nyingine ya kuiomba. Facebook ni nyumba moja yenye mwenyewe mmoja; nakala zote ziko kwake. Mlango ukifungwa, na ukiwa huna njia ya kuzunguka, picha zako na maneno yako yako ndani, nawe uko nje. Haidhuru aliyeufunga ni serikali, au mwenye nyumba, au wewe mwenyewe uliyepoteza ufunguo.

Mimi nimeionja habari hii kwa njia nyingine. Nilipoanza kazi nilitumia anwani ya barua pepe niliyopewa na kampuni iliyoniuzia intaneti, ambayo sitaitaja. Kampuni ikaacha kutoa barua pepe, nami nikapata taarifa sanduku limekwisha kufungwa. Barua za miaka minne zikapotea, na ndani yake zilikuwamo za kaka yangu aliyekuwa akifanya kazi Juba. Tangu siku hiyo natumia anwani isiyofungamana na muuza intaneti, na mwisho wa kila mwezi naziteremsha barua zote katika kompyuta yangu. Thunderbird hufanya kazi hiyo pia.

Kwa watu wengi kama sisi, ambao wako Midia, Arua, Kampala, Juba na ng'ambo, naona njia ifaayo kuliko zote ni orodha ya barua pepe, ambapo ujumbe mmoja huwafikia wote. Si jambo la kisasa wala halipendezi macho. Lakini kila mwanachama hubaki na nakala katika sanduku lake, kama seva za Usenet. Vijana watasema WhatsApp inatosha. Kwa kupeana habari za msiba na harusi, inatosha sana, wala sitawashawishi wazee waiache. Lakini simu ikiibwa sokoni na mtu hakuweka akiba, mazungumzo yote huenda nayo, na anayejiunga leo haoni yaliyosemwa mwaka jana. Wapo pia wanaopenda Mastodon, iliyoanzishwa 2016, ambayo ina seva nyingi zenye wenyewe mbalimbali zinazozungumza pamoja. Nimeijaribu, nikaona ni nzuri, ila huku kwetu sikukuta watu wa kuzungumza nao.

Nasema haya kwa sababu chama chetu cha wanafunzi wa zamani kimekwisha kuumia. Orodha ya majina, kila mtu na mwaka aliomaliza, pamoja na hesabu ya michango ya kuezeka maktaba, iliwekwa katika ukurasa wetu wa mtandao, wala haikuandikwa po pote pengine. Aliyeutunza ukurasa alibadilisha simu, akasahau neno la siri, na namba ya simu aliyojiandikishia ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine. Kosa ni letu wenyewe. Kuna wazee waliotoa shilingi 50,000 kutoka katika mauzo ya tumbaku, nasi hatuwezi kuwaonyesha hata mstari mmoja wenye majina yao.

Katika mkutano wa Desemba iliyopita tulianza upya. Majina 143 yamekwisha kuandikwa katika daftari lililoko ofisi ya mwalimu wa maktaba, na nakala yake imetumwa kwa barua pepe kwa wanachama wote tulio na anwani zao. Ya miaka ya 1980 ni machache sana. Ye yote aliye na karatasi ya zamani ya michango, au picha ya darasa lake yenye majina nyuma, tafadhali ampelekee mwalimu wa maktaba. Itanakiliwa siku hiyo hiyo na mwenyewe atarudishiwa ya kwake.